Chekeche Liko Wapi?

Wanaakiolojia wamelizunguka shimo, mifupa imetoka, na kabla hatujaiona vizuri tumeshaambiwa ni ya nani, ya zama zipi, na siri gani ilizikwa nayo. Muziki umepanda. Watoto wa dada yangu wameisogelea kompyuta mpaka nikawaambia warudi nyuma, maana sisi wengine tulikuwa tunaona visogo tu.

Hapo ndipo ami yangu, aliyekuwa ameegemea ukuta nyuma yetu, alipouliza: "Chekeche liko wapi?"

Hapana aliyemjibu. Akasubiri kidogo, akauliza tena.

"Nakuulizeni, wanangu. Huo udongo waliotoa umekwenda wapi? Nani anauchekecha?"

"Ami, hii tamthilia," nikamwambia.

"Najua tamthilia. Chekeche liko wapi?"

Wiki zimepita na suali hilo halijaniachia.

Tamthilia yenyewe

Inaitwa Bonekickers. Ilirushwa na BBC mwaka 2008, sehemu 6, kisha haikuendelea. Kwangu mimi ni mpya, maana imenifikia mwaka huu kwenye flashi ya rafiki, na niliyoyaona mpaka sasa ni ya sehemu ya kwanza tu. Inahusu kundi la wanaakiolojia wa chuo kikuu cha kubuni kwenye mji wa Bath, Uingereza, chini ya Dokta Gillian Magwilde, anayeigizwa na Julie Graham. Hugh Bonneville yumo, Adrian Lester yumo, na Gugu Mbatha-Raw ni msichana mgeni kwenye kundi, ambaye kupitia kwake sisi watazamaji tunaingizwa kazini.

Kila sehemu, kwa ninavyosoma, ina kitu kimoja kikubwa. Sehemu ya kwanza ni mashujaa wa vita vya msalaba na mbao zinazodhaniwa kuwa za msalaba wenyewe. Ya mwisho, nasikia, ni upanga wa mfalme Arthur. Yaani hawa watu hawafukui ila wamefukua kitu ambacho dunia nzima ilikuwa inakitafuta, na kila wanapokipata yupo mwenye silaha anayekitaka.

Waigizaji ni wazuri, nasema kwa moyo safi. Magwilde ana hasira ya mtu anayependa kazi yake, na hasira hiyo unaiamini. Napenda pia kwamba kundi linabishana. Na yule msichana mgeni anapolitazama shimo kwa mara ya kwanza, nimemuelewa vizuri, kwa sababu mara ya kwanza nilipopelekwa na skuli Ras Mkumbuu, kwenye magofu ya Pemba, nilisimama kwenye lile gofu la msikiti nikashindwa kuondoka mpaka mwalimu aliponishika mkono.

Lakini halafu wanakimbia. Wanakimbia mno.

Mshauri wao anaijua Pemba

Kilichonikwamisha hasa nilikisoma siku chache baadaye. Mshauri wa akiolojia wa tamthilia hii alikuwa Mark Horton.

Kwa msomaji wa kwengine jina hilo ni la profesa wa Kiingereza tu. Kwa sisi wa huku ni mtu aliyechimba mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, Kenya, miaka ya 1980, na aliyechimba Mtambwe Mkuu, hapa Pemba. Mtambwe, ng'ambo tu ya Wete, ambako maji yakitoka unavuka kwa miguu kwenye matope ya mikoko. Hapo, mwaka 1984, zilitoka ardhini zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Kifatimi, watawala wa Misri wa zama hizo. Ni za karne ya 11.

Tuseme wewe ni mwandishi wa tamthilia, na mshauri wako ni mtu huyo. Hazina halisi anayo mkononi. Kisiwa, kisima, mikoko, sarafu elfu mbili za watawala ambao wengine wao hapana kitabu kilichowataja. Ungemuuliza nini?

Mimi ningemuuliza kuhusu maandishi. Sarafu zile zina jina la mtawala upande mmoja, kama Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili zinakwenda kwa vina. Pesa yenye vina! Mtu anakwenda sokoni karne ya 11, Mtambwe, na kwenye kiganja chake kuna beti. Nimeshawaambia watu wengi habari hii, na kila Mpemba ninayemwambia hutabasamu, kwa sababu anawajua watu wake.

Tena fikiria maana yake. Fedha ile haikuletwa ikiwa imeshapigwa chapa Baghdad wala Cairo. Imepigwa pwani hii, kwa majina ya watawala wa pwani hii. Hakuhitajika mtu kumkimbiza mwenzake na upanga ili jambo hilo limtetemeshe mtu. Lilihitaji mtu wa kukaa na darubini ndogo, aoshe sarafu moja moja, asome herufi zilizolika, aziweke kwenye mafungu, abishane na wenzake kuhusu nani alimzaa nani.

Simlaumu mshauri. Mshauri hashiki kalamu. Anaulizwa huyu angevaa nini na mwiko unashikwaje, anajibu, na hadithi inabaki kuwa ya waandishi. Linaloniuma ni kwamba waandishi walikuwa karibu hivyo na jambo lenyewe, wakaona halitoshi.

Punje

Ami yangu ujanani aliwahi kuwa kibarua kwenye uchimbaji mmoja huku kaskazini ya Pemba. Kazi yake ilikuwa chekeche. Anaeleza hivi: mmoja yuko ndani ya shimo anakwangua kwa mwiko, kidogo kidogo, tabaka kwa tabaka. Udongo unatiwa kwenye ndoo yenye kikaratasi cha namba. Ndoo inaletwa kwake. Anaimwaga juu ya chekeche la waya, anatikisa, udongo unashuka, vinabaki vigae, mifupa ya samaki, kome, ushanga mdogo kuliko punje ya mtama. Hivyo vyote anavitia kwenye mfuko wa nailoni wenye namba ile ile ya ndoo. Ukichanganya namba umeharibu. "Kigae kisicho na namba," ananiambia, "bora ukirudishe shimoni."

Na kuna udongo mwengine hauendi kwenye chekeche. Huo unatiwa kwenye pipa la maji na kukorogwa polepole. Udongo unazama, makaa yanaelea. Yale makaa yanachotwa, yanaanikwa kivulini juu ya kitambaa, na kwenye makaa hayo, kwa anayejua kutazama, zimo nafaka zilizoungua jikoni miaka elfu iliyopita.

Kazi ya namna hii ndiyo iliyofanyika Tumbe na Chwaka, huku huku kaskazini ya Pemba, chini ya wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, na nafaka zikachunguzwa na Sarah Walshaw. Tumbe ni ya zamani zaidi, takriban karne ya 7 mpaka ya 10. Chwaka, jirani yake, inaanzia karne ya 11. Tumbe walikuwa wanakula mawele. Chwaka wakaingia kwenye mpunga.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza niliiweka simu chini.

Sisi ambao mtu akila mihogo siku nzima, ikifika usiku anasema hajala, kwa sababu hajala wali! Sisi ambao harusi bila ya wali si harusi, maulidi bila ya wali si maulidi. Wareno walipofika walikuta Pemba inailisha Mombasa kwa mpunga. Na sasa tunaambiwa kulikuwa na wakati mpunga ulikuwa jambo geni kidogo, watu wakauchagua, na uchaguzi huo ukaenda pamoja na kukua kwa mji wa mawe, misikiti, karamu, mtu mkubwa kuwalisha watu na jina lake likatajwa. Bibi mmoja wa Chwaka aliunguza chungu chake cha wali, akakasirika, akamwaga ukoko uani, na ukoko ule umetuambia jambo ambalo msafiri yeyote wa Kiarabu hakuliandika.

Mpunga unataka maji, unataka bonde, unataka watu wengi wa kupalilia. Mawele hayataki tabu hiyo. Kwa hiyo aliyebadilisha chakula alibadilisha na kalenda yake, na kazi ya watoto wake, na nani anamuamuru nani shambani. Kuna ugomvi wa kutosha humo kwa misimu mitatu ya tamthilia.

Asili

Hapa nataka niende taratibu, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike.

Kwa mtu wa Bath, kugundua babu yake wa karne ya 12 alikuwa nani ni jambo la kupendeza. Kwetu sisi, nani alikuwa nani ni jambo lililowahi kuwatoa watu roho. Hilo sina haja ya kulieleza kwa anayesoma kutoka Unguja au Pemba. Neno Shirazi, neno Mwarabu, neno Mswahili, kila moja lina familia zilizolibeba na familia zilizoumizwa nalo.

Kwa miaka mingi wasomi walikuwa wanaandika kwamba miji yetu ilijengwa na wageni waliokuja na merikebu, na wenyeji wakawa watazamaji. Shanga ilitingisha hoja hiyo. Kule walichimba msikiti wakakuta chini yake msikiti mwengine, na chini yake mwengine, mpaka wakafika kwenye kijisikiti kidogo cha miti cha karne ya 8. Hapana pahala ambapo mji wa wageni umeanza ghafla juu ya ardhi tupu. Ni watu wale wale, wakijenga upya palepale, kila kizazi kwa uwezo wake, mpaka wakafika kwenye mawe na chokaa.

Halafu mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara. Kwa upande wa mama zao, wengi ni wa Afrika. Kwa upande wa baba, sehemu kubwa imetoka Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza takriban mwaka 1000. Hadithi za wazee kuhusu Shirazi, kwamba mababu walitoka Uajemi, ambazo wasomi walikuwa wameshaziweka kando, zikarudi mezani. Na wale waliosema miji hii ni ya Waafrika nao hawakuvunjwa, kwa sababu mama, lugha na ardhi ni za hapa hapa.

Mara mbili, basi, udongo umewarudisha wasomi kwenye waliyokuwa wameshayamaliza. Mara ya kwanza kwa matabaka, mara ya pili kwa mifupa. Na katika utafiti huo wa 2023 hakuna kaburi hata moja la Unguja wala Pemba. Mazungumzo yetu wenyewe bado.

Ndiyo maana tamthilia inayompa mwanaakiolojia jibu ndani ya dakika moja inanitia hofu. Mtoto anayeizoea atadhani mifupa inasema haraka, na inasema neno moja tu. Kwenye nchi ambayo asili ya mtu inaweza kugeuzwa rungu, mimi nataka mtoto ajue kwamba jibu la kwanza mara nyingi husimama mpaka ndoo inayofuata itakapotoka shimoni.

Wenye shamba

Kuna jengine ambalo sehemu ya kwanza haina kabisa: watu wanaoishi pale.

Wanaakiolojia wa Bath wanafika, wanafungua ardhi, na ardhi haina mwenyewe. Huku hakuna gofu lisilo na mwenyewe. Juu ya mji wa kale kuna mihogo ya mtu. Pembeni kuna mkarafuu wa mirathi ambao ndugu bado hawajaafikiana. Kwenye ukuta wa zamani kuna chetezo na kitambaa chekundu kilichowekwa na mtu mwenye haja yake. Kabla mwiko haujagusa udongo kuna sheha wa kuonwa, kuna wazee wa kuombwa, na kuna dua ya kusomwa.

Na kuna makaburi. Kwenye tamthilia mfupa unashikwa, unapelekwa maabara, unawekwa juu ya meza chini ya taa. Nilipotazama nilihisi wazee chumbani wakijikunyata. Kule Mtwapa, wenyeji walitaka mifupa irudi ardhini haraka, na ikarudi. Makubaliano kama hayo, watu wamekaa barazani, huyu ana wasiwasi wa dini, yule anataka kujua babu zake walikuwa nani, mwengine anahofia ataambiwa asichotaka kusikia, ndiyo sehemu ya kazi ninayotamani kuiona ikiigizwa na watu wanaojua kuigiza.

Vibarua pia hawamo. Kule kwetu ndio wanaojua udongo. Ami anasema mgeni alikuwa na vyombo vya kupimia, lakini mtu wa kwanza kusema "simama, rangi imebadilika" mara nyingi alikuwa mkulima wa hapo hapo, aliyezoea kulitambua bonde lake kwa jembe.

Wasiwasi wangu

Nimeandika yote haya, na bado kuna jambo linanirudisha nyuma.

Tamthilia ilipomalizika, yule mdogo wa kike, ana miaka tisa, aliniuliza: "Mjomba, na kwetu kuna watu wamezikwa na siri?"

Nikamwambia Mtambwe kumetoka sarafu.

"Nani alizificha?"

Hapana anayejua.

"Mbona hakurudi kuzichukua?"

Nimekaa na suali hilo la pili usiku kucha. Huenda alikufa. Huenda alikimbia. Huenda alimwambia mtoto wake na mtoto hakuelewa. Mtu hafukii fedha elfu mbili kwa furaha. Na mimi, niliyeisoma Mtambwe miaka yote hii, nilikuwa nimejishughulisha na watawala na vina vyao, sikuwahi kumfikiria aliyelishika jembe.

Mbio za Bath ndizo zilizomfikisha mtoto kwenye suali hilo. Punje ya mpunga isingemfikisha. Nimejaribu kesho yake kumsimulia habari ya mawele na wali. Akanisikiliza kwa adabu, akaenda kucheza.

Je, tamthilia ya polepole itatazamwa? Mimi huwatazama watu wa Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Unguja, na wa baraza za Chake Chake wakilizunguka bao saa nzima, hapana anayekimbia, hapana muziki, wachezaji wawili wanahamisha kete, na waliosimama wanashika pumzi kwa sababu wanajua hatua inayokuja itaua. Pumzi inashikika pale mtazamaji anapojua kinachoweza kupotea. Akishajua kwamba namba ya ndoo ikichanganywa ukweli umekwenda, atalitazama chekeche kwa jicho lile lile.

Kwa hiyo sidhani tatizo ni mwendo. Tatizo ni kwamba Bonekickers haikumfundisha mtazamaji mchezo. Ilimuonyesha aliyeshinda.

Pujini

Wapo vijana wa Unguja na Pemba wanaotengeneza tamthilia siku hizi, kwa kamera nzuri na kwa Kiswahili kizuri, na nyingi ni za mapenzi na mirathi. Kwenu nyinyi nina ombi.

Nendeni Pujini, kwenye magofu ya ngome huku Pemba. Hadithi ya Mkama Ndume, mtawala wa Pujini, kila mtu anayo: wake wawili wasioonana, kisima chenye ukuta katikati, watu waliobebeshwa mawe kwa mateso. Hiyo chukueni, ni yenu. Halafu someni yaliyotoka kwenye uchimbaji wa LaViolette. Mna ngome ya karne ya 15 na 16. Mna chumba cha chini ya ardhi, kama wanavyopenda wa Bath, na ndani yake, kwenye lipu ya ukuta, mmechongewa siwa. Siwa, ile pembe kubwa ya kupulizwa, ni kitu cha wenye enzi. Mbona basi imewekwa chini, kizani, pahala pa kuingia mtu mmoja mmoja? Mtawala katili aliyesimuliwa na wazee, na mtu aliyeshuka kwenye chumba kile kwa unyenyekevu, ni mmoja au wawili?

Muwekeni mwanaakiolojia wa kike wa Kipemba, aliyesomeshwa mbali kisha akarudi. Muwekeni mama yake, ambaye hataki asikie habari ya kuchimba pale. Muwekeni mwenye shamba na ndugu zake. Na Mkama Ndume asionekane hata mara moja.

Mimi nitaendelea na Bonekickers. Sehemu ya 2 inagusa biashara ya utumwa, na hapo tamthilia ya Bath inaingia kwenye maji yetu. Nataka kuona kama waliokuwa ndani ya meli watakuwa watu, wenye kwao na wenye waliowaacha, au watakuwa tena ni mifupa ya kumfikisha mtu kwenye kitu. Nikishaitazama nitaandika.